Supu Aliyompikia Kocha

Kocha alifika kabla ya wageni wote. Bonge alimwona kupitia kidirisha cha kupitishia sahani, amekaa meza ya pembeni, shati jeupe limemkaa mabegani kama lilishonewa juu yake. Hakujua kama anatazamwa. Alinyoosha uma uliokaa upande, akajiangalia kwenye mgongo wa kijiko, akacheka peke yake. Moyo wa Bonge ukashuka mpaka tumboni, na huko tumboni haukukuta kitu, maana tangu jana mchana hapakuingia kitu.

"Wewe! Supu inachemka inamwagika na wewe umesimama kama nguzo," alisema Ndimu kutoka jiko la pili.

Ndimu alikaa naye chumba kimoja na kusoma naye darasa moja. Jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake.

"Nimemwangalia tu mara moja," Bonge akajitetea, akipunguza moto.

"Umemwangalia? Umemnywa! Macho yangekuwa yanashibisha, shoga yangu, leo ungekuwa huwezi kuinuka."

Bonge alicheka. Alipocheka ilibidi ashike ukingo wa meza, maana jiko lote lilizunguka kidogo halafu likarudi mahali pake.

Kwao aliitwa Bonge tangu ananyonya, kwa mashavu aliyozaliwa nayo. Chuoni, isipokuwa kwa Ndimu, alikuwa Twiga. Jina hilo la pili alipewa na Kocha. Mimi nitamwita Bonge, maana aliyempa jina hilo hakumtaka abadilike chochote.

Ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho wa mapishi. Chuo kile kilikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi hapikii walimu, anapikia watu wake. Anaalika wageni wawili, anawaandalia, kisha anavua aproni, anakaa nao na kula sahani nzima aliyoipika mwenyewe. Shefu, mwalimu wao, mama mnene mwenye sauti ya kengele, hakuwa na mchezo na jambo hilo. Alizoea kuwaambia, "Mpishi anayeogopa chakula chake mwenyewe asinipikie mimi."

Wengi walialika baba na mama. Baba yake Bonge alikwisha kufa, kwa hiyo kiti cha kwanza kilikuwa cha mama, na cha pili alimpa Kocha. Hawakuwa wamewahi kuonana. Na Kocha alikuwa amemwambia, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za uwanja, jasho halijawakauka, "Siku hiyo hiyo namwambia mama yako. Tukimaliza kula namwomba ruhusa nije nyumbani na wazee wangu."

Mama alielezwa kwa simu, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanamume anayekukimbizakimbiza kila asubuhi ana shida gani? Anakupenda au anakufukuza?"

"Mamaa!"

"Nitakuja nimwone. Mimi simkatai mtu kwa simu."

Basi furaha yote ya Bonge, na maisha yake ya mbele kama alivyoyaona yeye, yalikuwa yamewekwa juu ya meza ile ya watu watatu. Mama akishiba na kufurahi, atasema ndiyo.

Walianzaje? Walianza vizuri, na hapo ndipo penye mtego. Bonge aliingia chuo akiwa msichana mwenye mwili wake, mcheshi, anayepanda ngazi akipumzika katikati. Chakula chake cha jioni kilikuwa soda na maandazi kitandani, anasoma mpaka usingizi unamchukua na kitabu usoni. Kocha alisomea ualimu wa michezo chuoni hapo hapo, na alfajiri aliongoza wanafunzi kukimbia. Bonge akajiunga. Akaacha soda, akanywa maji, akala mboga, akalala mapema. Kichwa kilichokuwa kikimgonga kila siku kikaacha. Akapanda ngazi bila kupumzika. Hapo, binti unayesoma, ndipo angeshukuru Mungu na kubaki. Kukimbia hakukumdhuru mtu. Kilichomdhuru ni sentensi moja, aliyoambiwa kwa mapenzi, na mtu mwenye macho mazuri.

"Umependeza," Kocha alimwambia. "Ukipungua kidogo tu tena, hapa chuoni hakuna atakayekufikia."

Kidogo tu tena. Alipopungua hicho kidogo, kikabaki kidogo kingine. Akaacha chai ya asubuhi. Akaacha cha jioni. Halafu akajifunza kitu ambacho mwanafunzi wa mapishi peke yake anaweza kujifunza: kuonja na kutema. Aliweka chakula mdomoni, akakitembeza, akageuka kama anapiga chafya, akakiacha kwenye karatasi. Walimu waliona kijiko kinapanda na kushuka. Hakuna aliyetazama koo.

Na ulimi nao ukachoka kudanganywa. Siku hizo haukumpa habari kamili. Tamu ilikuja kwa mbali, chumvi ilikuja kwa mbali zaidi, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya uwanja.

Akaonja supu ya maboga. Akatema. Akaongeza chumvi. Akaonja tena, akatema, akaongeza. Ndimu alimtazama kwa jicho la pembeni. Kwenye mtihani hairuhusiwi kuonja sufuria ya mwenzio.

"Bonge," alinong'ona, safari hii bila utani. "Hiyo mara ya ngapi?"

"Nataka iwe nzuri. Leo ni leo."

Alipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa amevaa gauni lake la buluu la kuendea kwenye shughuli, mkoba kaukumbatia kama anaogopa kuporwa. Mama huyu aliuza nguo za mitumba za watoto. Tangu likizo iliyopita hawakuonana, na likizo hiyo Bonge alivaa masweta mapana kila siku, ndugu wakamsifu, "Umekuwa kama mtangazaji wa televisheni!" Sasa alitoka jikoni mbio, akamkumbatia mama yake.

Mama hakumwachia upesi. Mikono ilipita mgongoni, ikarudi, ikapita tena.

"Mwanangu," alisema taratibu, "nimekumbatia nguo."

"Ni aproni, mama. Zinatupwaya wote. Njoo, njoo nikuonyeshe mtu."

Kocha alishasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe unayemkimbiza mwanangu?"

"Ndiye, mama. Lakini hajafanikiwa kunikimbia."

Mama alitaka kununa, ikashindikana. Kicheko kilimtoka puani. "Mdomo unao. Mikono je? Unajua kufua?"

"Nafua, napiga pasi, na kitanda natandika mwenyewe."

"Hao ndio wanaoanza vizuri," alisema mama, akakaa, na macho yake yalikwisha kulegea. Alimwuliza habari za kwao, za mama yake, za masomo. Kijana alijibu kila kitu kwa adabu, na kila alipomaliza sentensi aliangalia kule jikoni. Mama aliyaona macho hayo. Hayakuwa ya uongo. Kijana alimpenda kweli. Ndiyo maana jambo hili lilikuwa gumu baadaye, maana mtu mbaya ungemfukuza ukalala usingizi.

Bonge alileta supu. Akaweka bakuli la mama, la Kocha, na lake. Akavua aproni, akakaa kati yao. Chini ya meza kidole cha Kocha kiligusa kidole chake.

"Karibuni," alisema kwa furaha.

Kocha alionja wa kwanza. Kope zikamchezacheza. Akameza, akanyoosha mkono kwenye glasi ya maji, akanywa nusu.

Mama alionja. Akaweka kijiko chini.

"Bonge. Hebu onja supu yako."

"Nimeonja jikoni, mama."

"Onja hapa, nikuone."

Bonge alichota, akagusisha mdomo. "Mbona iko sawa?"

"Iko sawa?" Mama aligeuka. "Baba, iko sawa?"

Kocha alijikohoza. "Chumvi imezidi kidogo, mama. Ni wasiwasi wa mtihani. Hata mpishi wa hotelini inamtokea."

"Imezidi kidogo! Hii mtu angeweza kukaushia samaki." Mama alimshika Bonge mkono wa kushoto, akapandisha mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko. Akaupima kwa vidole. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mkono huu naweza kuuvalisha sweta la mtoto wa darasa la nne. Nayajua, nayakunja kila siku. Mwanangu, umekula lini mara ya mwisho?"

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waache. Wao wana macho, mimi nina mtoto. Umekula lini?"

"Jana."

"Nini?"

"Tufaha."

"Zima?"

Bonge akageuza macho kwenye kikapu cha mkate. Kocha aliingilia kwa upole, kama mtu anayeamua ugomvi wa watoto.

"Mama, samahani. Usiogope. Twiga yuko fiti. Alipokuja hapa kuzunguka uwanja mara moja kulikuwa kunamshinda. Sasa anawaacha wavulana nyuma."

"Twiga ni nani?"

"Ni... mimi ndivyo ninavyomwita."

Mama alimwinamia bintiye sikioni, akamwuliza jambo ambalo wanawake huulizana sikioni. Bonge akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya likizo."

"Na si mimba?"

"Mama! Hajanigusa namna hiyo. Naapa."

Masikio ya Kocha yaliiva. "Hukuniambia," alisema.

"Ulisema nimepata mwili wa mwanariadha. Nikadhani ndivyo unavyokuwa."

Ukumbi uliendelea na sauti zake, vijiko vinagonga, baba mmoja anacheka meza ya mbele. Katika meza ya pembeni hakuna aliyegusa kitu.

"Ngoja," alisema Kocha. "Mama asije akaelewa vibaya. Twiga, mwambie. Nimewahi kukwambia usile? Hata siku moja?"

"Hapana."

"Umesikia, mama."

"Nimesikia. Sasa nataka kusikia ulimwambia nini." Mama alikuwa bado ameushika ule mkono. "Sema, mwanangu. Alikwambia nini?"

Bonge aliangalia bakuli lake. Alianza kuongea pole pole, na kadiri alivyoongea ndivyo alivyoonekana kama anajisikiliza mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Aliniambia nikipungua kidogo hakuna atakayenifikia. Nikapungua. Siku ile akanishika mkono mbele za watu, hajawahi. Nikapungua tena, akanipeleka kwa rafiki zake, akasema huyu ndiye. Nilipoumwa malaria nikakonda, akasema uso umechongeka. Halafu ile wiki Ndimu aliyofanya sherehe ya kuzaliwa, nikala keki, nikala na wali, nikaongezeka. Hakusema kitu. Hakunisema kabisa. Jioni hakuja tu kunichukua."

"Nilikuwa nasoma!" alisema Kocha. "Twiga, haki ya Mungu, nilikuwa na mtihani!"

"Mimi sikujua. Nikafikiri ni keki."

Kocha alijishika kichwa. Jambo hilo lilimchoma kweli, usifikiri hapana. Akavuta kiti karibu, akamsahau mama, akamsahau kila mtu.

"Basi sikiliza, mpenzi. Sasa nakwambia kwa mdomo wangu. Kula. Nataka ule. Tazama, nakulisha mwenyewe."

Akachukua mkate kwenye kikapu, akamega, akauchovya kidogo pembeni mwa supu, akaupeleka mdomoni mwa Bonge. Mama aliachia mkono. Alijiambia, kama kijana huyu ataweza hili, nitampa mtoto leo leo, hata wazee wake wasisumbuke kuja.

Bonge alifungua mdomo. Alifungua kwa sababu mkono ulikuwa wa Kocha. Tonge likaingia. Machozi yakamjaa, na alimwangalia Kocha machoni kama mtu anayevuka daraja bovu anavyomwangalia aliyeko upande wa pili. Kocha akatabasamu ili amtie moyo. Lile tabasamu lenyewe, lililomfanya msichana wa watu akonde.

"Meza tu, Twiga wangu," alimbembeleza. "Kesho asubuhi tutalitoa uwanjani."

Bonge alifunga mdomo. Akavuta kitambaa chake cha kujifutia, akajifunika mdomo, na tonge likatokea humo.

Kiganja cha mama kilipiga meza, glasi zikaruka.

"Umesema nini?"

"Mama, ni utani tu. Nilikuwa namchangamsha..."

"Najua ni utani. Najua unampenda. Ungekuwa jambazi ningepiga kelele." Mama alimwelekezea kidole. "Baba, wewe mwanangu amekukabidhi kila kitu, mpaka njaa yake. Na wewe hata hujui kama umeishika. Wazee wako wasije."

"Kwa neno moja, mama? Unanihukumu kwa neno moja?"

"Mama, subiri," alisema Bonge. Alifuta mdomo. Alimgeukia Kocha, na uso wake ulikuwa mtulivu mno. "Nikuulize kitu. Ningekuwa vile nilivyokuja mwaka wa kwanza, leo ungekuwa umekaa hapa?"

"Maswali gani hayo mbele ya mzazi?"

"Nijibu."

"Ningekusalimia. Nilikuwa nakusalimia."

"Na baada ya salamu?"

Kocha aliisogeza glasi yake. Alikuwa kijana mkweli, na siku hiyo ukweli wake ndio uliomponza. "Mimi ninayempenda ni Twiga," alisema. "Huyo mwingine sikuwahi kumjua."

"Huyo mwingine ndiye aliyezaliwa na mama huyu."

Hapo Kocha alisimama. Akakunja kitambaa chake, mara mbili, akakilaza pembeni ya bakuli. Aliongea akiangalia kile kitambaa.

"Mimi nina jina hapa chuoni. Wasichana wengi wanakimbia na mimi, wazazi wao wananiamini. Kesho itasemwa Kocha anaua watoto wa watu kwa njaa. Siwezi, Twiga. Nenda katibiwe. Pona kwanza, halafu tutaongea."

"Nikipona nitanenepa."

Angeweza kusema lolote. Angesema, nenepa. Neno moja, mama angemsamehe, na mimi ningeandika mengine kabisa. Alisimama pale, akaangalia mlango, akaangalia viatu vyake.

"Shikamoo, mama," alisema mwisho, salamu ya kufikia akaifanya ya kuondokea, akatoka. Bonge aliutazama mgongo ule mpaka ukapotea. Alipenda hata namna ulivyokuwa unamwacha.

Shefu alikuja na kalamu yake. Alionja supu, akakunja uso, akataka kusema kwa ile sauti ya kengele. Halafu akaona ule mkono uliopandishwa nguo, akakaa kwenye kiti cha Kocha.

"Huu mtihani utaurudia mwakani," alisema polepole. "Chumvi tungesameheana. Mama, mpeleke hospitali leo. Usimpeleke nyumbani kwanza akapumzike. Leo."

Hospitali ilikuwa mtaa wa pili. Walikwenda kwa miguu, mama mbele kidogo, mkono wa mtoto mkononi kama walivyokuwa wakienda shule zamani. Ndimu aliwafuata mpaka getini amebeba mkoba wa Bonge, akaurudisha mkononi mwa mwenyewe.

Na mama, Mungu amsamehe, alikuwa na nafuu ndani yake. Alitembea kama mtu aliyefukuza mwizi. Yule aliyeleta balaa ameondoka kwa miguu yake. Sasa atamlaza huyu, atampikia uji, atamlisha, mashavu yatarudi. Mwezi huu, mwezi ujao. Kulia atalia, wasichana wote wanalia, machozi hayaui mtu.

Nje ya chumba cha daktari kulikuwa na benchi. Muuguzi aliwaambia wasubiri. Mama alitoka, akarudi na ndizi mbivu moja, akaimenya, akamega ncha yake, akampa.

"Hayupo sasa," alisema, akimpangusa shavu. "Ameondoka. Hakuna anayekutazama. Kula, mama yangu."

Bonge alikipokea kile kipande. Alitaka kumfurahisha mama yake, kila mtu angeona alivyotaka. Alikileta mdomoni, akasimamisha mkono. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande wa pili. Kilikuwa hakizidi ncha ya kidole gumba.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "hiki unakionaje? Si kikubwa sana?"

Mama aligeuka kutafuta wa kumfukuza, na kwenye benchi walikuwa wao wawili tu.